Kabimba: Vivumishi vya Kiingereza vyasumbua wanafunzi, lakini msaada umo katika Kiswahili chao

Kabimba inajulikana kwa saruji. Ukitaja jina hilo mjini Kalemie, watu wengi hufikiria kwanza kiwanda, vumbi lake na malori, kisha ndipo wakumbuke ziwa na wavuvi. Ni vigumu kufikiria kwamba mfuko wa saruji unaweza kuwa kitabu cha sarufi. Lakini chukua mfuko ulioandikwa Kiingereza, kama ile inayouzwa katika nchi za upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, usome maneno makubwa yaliyo juu yake: “Ordinary Portland Cement”. Chini yake mara nyingi kuna tarakimu 32.5 au 42.5, na herufi N au R.

Katika maneno hayo matatu, jina ni moja tu, “cement”. Mengine mawili yanalielezea. “Ordinary” ni kivumishi cha kawaida, maana yake ya kila siku. “Portland” si kivumishi kwa asili yake. Ni jina la kisiwa cha kusini mwa Uingereza chenye mawe ya kujengea, na fundi Joseph Aspdin alilichukua mwaka 1824 alipopewa hati ya uvumbuzi wa saruji yake, kwa sababu aliona inafanana na mawe hayo ikishakauka. Kiingereza kimelitanguliza jina hilo mbele ya jina lingine, likageuka sifa, bila kuongezewa herufi hata moja. Nayo ile R mwishoni inamwambia mwashi kwamba saruji hiyo hupata nguvu mapema kuliko ile ya N. Anayeipuuza anaweza kulipia kitu ambacho hakukitaka.

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Kabimba, jambo hili si mchezo wa maneno. Kiingereza kimo katika mtihani wa serikali, ule ambao kila familia huuita Exetat, ndani ya sehemu ya lugha pamoja na Kifaransa. Maswali ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, na vivumishi ni mahali pazuri pa kumtega mtu, kwa kuwa majibu hufanana sana na hutofautiana kwa herufi moja au kwa mpangilio tu.

Nje ya mtihani pia mambo yamebadilika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo. Kiswahili na Kifaransa vimekubaliwa katika jumuiya hiyo tangu mwaka 2021, ila makaratasi mengi ya forodha na ya biashara bado huandikwa Kiingereza. Zambia, yenye bandari ya Mpulungu kusini mwa ziwa, hutumia Kiingereza serikalini. Burundi ilikifanya lugha rasmi mwaka 2014. Tanzania inakitumia katika sekondari na vyuo vikuu. Kati ya nchi nne zinazogawana ziwa hili, ni Congo peke yake ambayo haijakipa Kiingereza nafasi serikalini.

Lugha mbili mgongoni

Mtoto wa Kabimba hafiki darasa la Kiingereza akiwa mtupu. Nyumbani amekua na Kiswahili, pengine na Kitabwa, Kiluba au Kibembe. Shuleni amefundishwa Kifaransa. Lugha zote hizo zina desturi moja: kivumishi hufuata tabia ya jina. Kiswahili husema mtoto mkubwa, watoto wakubwa, kitabu kikubwa, vitabu vikubwa. Kifaransa husema “grand, grande, grands, grandes”. Hata Kiswahili cha mitaani cha Katanga ya zamani, ambacho watu wa pwani hukicheka wakisema hakina sarufi, hutofautisha mutoto muzuri na batoto bazuri.

Kiingereza hakifanyi hivyo. “Big” ni “big” tu, iwe nyumba moja au mia, awe mwanamume au mwanamke. Hapo ndipo daftari hujaa wino mwekundu: “bigs houses”, “the Chineses engineers”, “others people”. Mwanafunzi hakosi kwa uvivu. Anakosa kwa sababu amekuwa mwaminifu kwa lugha mbili alizozijua mwanzo.

Ugumu huu una mkia. Waingereza wakisema mtoto ana miaka kumi, neno “years” lina S ya wingi. Wakiyageuza maneno hayohayo kuwa kivumishi kimoja kinachotangulia jina, S hiyo hudondoka: “a ten-year-old child”. Vivyo hivyo pipa la lita mia mbili ni “a two-hundred-litre drum”, bila S, ingawa lita ni nyingi. Kanuni ni ileile: neno likishakaa kwenye kiti cha kivumishi, wingi unaachwa mlangoni.

Kuna vivumishi viwili tu vya Kiingereza ambavyo hubadilika kwa wingi, na mwanafunzi avikariri: “this” huwa “these”, na “that” huwa “those”. Lakini je, hivyo ni vivumishi kweli? Hapo walimu wenyewe hawakubaliani.

Aina nane, au moja?

Vitabu vya zamani vya sarufi ya Kiingereza, na madaftari mengi ya walimu waliovirithi, hutaja aina nane au zaidi. Kuna vivumishi vya sifa (“good, black, tall”), vya kiasi (“much, little, some”), vya idadi (“two, third, many”), vya kuonyesha (“this, those”), vya kumiliki (“my, her”), vya kuuliza (“which, what”), vya kugawa (“each, every, either”), na vile vinavyotokana na majina ya nchi na watu (“Congolese, Zambian”). Mwanafunzi wa ng'ambo ya ziwa, mjini Kigoma, akisoma sarufi ya Kiswahili hukutana na orodha inayokaribiana na hii: vivumishi vya sifa, vya idadi, vya kuonyesha, vya kumiliki, vya kuuliza. Na Kifaransa cha shule kimezoea kusema “adjectif possessif” na “adjectif démonstratif”.

Vitabu vipya vya Kiingereza vimeiondoa sehemu kubwa ya orodha hiyo. Vinasema “my”, “this”, “which” na “every” si vivumishi, ni kundi jingine linaloitwa “determiners”, yaani vibainishi. Sababu yao ni nyepesi kuijaribu. Kivumishi halisi kinaweza kuongezewa “very”: “very good”, “very tall”. Huwezi kusema “very my” wala “very this”. Kivumishi halisi kinaweza kulinganishwa: “taller, tallest”. Hakuna “mier” wala “eacher”. Tena vivumishi halisi hupangana vitatu au vinne mbele ya jina moja, ilhali “my” na “this” hugombana: Kiswahili kinakubali kitabu changu hiki, Kiingereza hakikubali “this my book” katika maandishi ya leo.

Anayepata taabu ni mwanafunzi ambaye daftari la mwalimu linasema aina nane na kitabu alichokopa kinasema vingine. Yote mawili yana ukweli wake. Orodha ya nane inaeleza kazi: maneno yote hayo hulielezea jina. Orodha mpya inaeleza tabia. Na kubishana juu ya mipaka si jambo la leo. Wanasarufi wa Kilatini waliweka vivumishi ndani ya majina, kwa kuwa vilichukua miisho ileile, na wanasarufi wa kwanza wa Kiingereza waliwafuata. Ni katika karne ya 18 ndipo kivumishi cha Kiingereza kilipopata chumba chake. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alikipa nafasi yake katika sarufi aliyoitoa mwaka 1795, na kitabu hicho kilitawala shule kwa miaka mingi.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kuwaelewa wale wazee wa Kilatini bila shida. Kwetu “mkubwa” ni kivumishi katika “mtu mkubwa”, lakini mtu akisema “wakubwa wamefika”, ni jina kamili. Kiingereza nacho hufanya hivyo kwa njia ya ubahili: “the poor”, “the sick”, “the old”. Maana yake ni watu wengi, maskini, wagonjwa, wazee. Hata hivyo haiwekwi S. Anayeandika “the poors” amefikiri kwa Kifaransa.

Kaka yake, wa nani?

Katika makosa yote, hili la kumiliki ndilo lenye hatari. Kiswahili husema kaka yake, kitabu chake, nyumba yake. Neno hilo hufuata kitu kinachomilikiwa, wala halisemi kama mwenyewe ni mume au mke. Kifaransa husema “son frère, sa maison”, nalo hufuata kitu. Kiingereza peke yake humtazama mwenye kitu: “his” ni cha mwanamume, “her” ni cha mwanamke, na kitu chenyewe hakihusiki.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea “Marie et son frère” huandika “Marie and his brother”. Darasani atapoteza alama moja. Nje ya darasa anaweza kumpotezea mtu haki. Kalemie imekaa miaka mingi na mashirika ya kigeni, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, uliondoka Tanganyika katikati ya mwaka 2022. Ripoti nyingi za vita na za wakimbizi zimepita mikononi mwa wakalimani waliotoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Sentensi ya “alichukuliwa yeye na mtoto wake” haiwezi kuingia Kiingereza mpaka mkalimani aulize: mwanamume au mwanamke? Asipouliza, akachagua “his” kwa mazoea, baba anaingia katika karatasi mahali pa mama.

Mafuta kidogo, au hakuna mafuta?

Herufi moja, A, nayo inatosha kugeuza habari. “We have a little fuel” maana yake tunayo mafuta kidogo, tunaweza kusogea. “We have little fuel” maana yake mafuta ni haba, tuko mashakani. Vivyo hivyo “a few passengers” ni abiria kadhaa, na “few passengers” ni kama hakuna watu. Kifaransa kina tofauti hiyohiyo kati ya “un peu de” na “peu de”, na mwalimu anayeikumbusha darasani humaliza somo hili kwa dakika kumi. Kwa Kiswahili tunategemea sauti na neno la kuongeza: mafuta kidogo, mafuta kidogo tu. Mtu aliye ndani ya boti katikati ya ziwa anajua uzito wa hilo “tu”.

Palepale kwenye mapipa ya petroli kuna mtego mwingine. Pipa moja limeandikwa “flammable”, jingine “inflammable”. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “in-” hukanusha, kama katika “incorrect” na “invisible”, atasema la pili haliwaki. Linawaka sawasawa na la kwanza. Maneno yote mawili maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi. “In-” hapa ilitoka katika kitenzi cha Kilatini cha kuwasha, si katika kukanusha. Wataalamu wa kuzuia moto wa Marekani, katika karne ya 20, walianza kusukuma “flammable” itumike peke yake kwa kuhofia kosa hilo. Kisichowaka ni “non-flammable”. Anayejua Kifaransa ana kinga, kwa sababu “inflammable” ya Kifaransa ni hiyohiyo.

Mpangilio ambao Waingereza hawajui kwamba wanaujua

Kiswahili huanza na jina, kisha sifa zinafuata kwa uhuru. Boti nzuri kubwa nyeupe, boti kubwa nyeupe nzuri: hakuna atakayekukemea. Kiingereza hutanguliza sifa zote na kuzipanga kama foleni: kwanza maoni ya msemaji, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika, na mwisho kazi. Boti nzuri, kubwa, ya zamani, nyeupe, ya Congo, ya mbao, ya kuvulia itakuwa “a beautiful big old white Congolese wooden fishing boat”. Hakuna anayesema sentensi ndefu hivyo kwenye bandari, ila mtihani huipenda.

Waingereza wengi hawajawahi kufundishwa foleni hiyo. Waliipata kwa kunyonya. Mwandishi J.R.R. Tolkien alieleza mwaka 1955 kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba hivi aliandika hadithi ya joka, akatanguliza rangi mbele ya ukubwa, mama yake akamwambia ni lazima aanze na ukubwa. Mtoto alitaka kujua kwa nini. Miaka mingi baadaye, akiwa profesa wa lugha, bado alikuwa akijiuliza.

Dawa ya haraka kwa wa Kabimba ni kukumbuka kwamba sehemu ya mwisho ya foleni ni ile ambayo Kiswahili hutumia “ya” kuisema: ya mbao, ya kuvulia, ya chuma. Hizo ndizo hushikamana na jina. Kiswahili kina vivumishi halisi vichache, dazeni kadhaa tu kama -zuri, -baya, -refu, -fupi, na kwa mengine hutumia “-a” au kitenzi. Mitaa ya Katanga imeenda mbali zaidi: watu husema nyumba ya muzuri, muntu ya mubaya, wakiiweka “ya” hata pasipohitajika katika Kiswahili sanifu. Walimu huichukia. Kwa Kiingereza, lakini, hiyo “ya” ni alama nzuri kwamba neno ni la kuelezea, na kwamba litavuka kwenda mbele ya jina.

Si vivumishi vyote vinavuka. “Asleep, afraid, alive, alone” hukaa baada ya kitenzi tu: “the child is asleep”, kamwe si “the asleep child”. “Main” hukaa mbele tu: “the main road”, lakini si “this road is main”. Na kuna vichache ambavyo vikibadili kiti vinabadili maana: “the present governor” ni gavana wa sasa, na “the governor present” ni gavana aliyekuwepo mahali hapo.

Mahali ambapo Kiswahili kinasaidia

Katika Kiswahili, karibu kila neno linaloelezea jina hukaa nyuma yake. “Kila” hukataa: hutangulia, na jina lake huwa la umoja. Kila mtoto, si kila watoto. Kiingereza kina “every” yenye tabia ileile, mbele ya jina na kwa umoja: “every child”. Anayeandika “every children” amesahau Kiswahili chake mwenyewe.

Kadhalika “boring” na “bored”, “tiring” na “tired”. Wengi huchanganya, na barua ya kuomba kazi inayosema “I am very interesting in this job” imechekesha maofisi mengi. Mwandishi wake alitaka kusema kazi inamvutia. Amesema yeye ndiye anayevutia. Lakini Kiswahili kinatenganisha vizuri: kazi ya kuchosha ni “tiring work”, mtu aliyechoka ni “a tired man”. Kinachosababisha huchukua “-ing”, anayepatwa huchukua “-ed”. Hakuna mtoto wa Kabimba anayechanganya mtu wa kuchosha na mtu aliyechoka.

Kulinganisha nako kunahitaji uangalifu. Mitaani husemwa Kalemie ni mukubwa kupita Kabimba, na Kifaransa husema “plus grande”, basi mwanafunzi huandika “more big”. Maneno mafupi huchukua “-er”: “bigger than Kabimba”. “More” ni ya maneno marefu, kama “more expensive”. Mtu akiweka vyote viwili, “more bigger”, amelipa mara mbili.

Iliyobaki ni barua yenyewe ya kazi, ambayo vijana wengi wa Kabimba huitayarisha kwanza kwa Kifaransa kisha kuigeuza. Humo vivumishi vinavyofanana ndivyo vya kuogopa. “Actuel” ni ya sasa. “Actual” ni halisi, kwa hiyo kazi ya sasa ni “my present job”. “Sensible” ya Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa. “Sensible” ya Kiingereza ni mwenye busara. “Large” ya Kifaransa ni pana. Ya Kiingereza ni kubwa. Na anayejitambulisha kuwa Mcongo aandike “Congolese” kwa herufi kubwa kila mara, hata inapokuwa kivumishi, kwa sababu Kifaransa kimemzoesha kuandika “congolais” kwa herufi ndogo, na msomaji wa Kiingereza huliona kosa hilo katika mstari wa kwanza.